Kweli au Uongo? Mwalimu wa Kilimo wa Kibera na Safari za Ng'ambo

Tangu somo la Kilimo lishike nafasi yake katika mtaala wa umilisi, likianzia Gredi ya 4 mwaka 2020 na kufika sekondari msingi mwaka 2023, walimu wa mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi wamekuwa wakifundisha kupanda na kuvuna katika shule ambazo nyingi uwanja wake hautoshi hata mchezo wa kati. Ndiyo maana habari za mipango ya kubadilishana walimu na nchi za nje zinasikilizwa kwa hamu. Fomu huja kwa WhatsApp, na pamoja na fomu huja maneno. Baadhi ni ya kweli. Mengine yanamkatisha tamaa mwalimu anayestahili, na mengine yanamtia mikononi mwa matapeli. Tuyapime moja moja.

"Kibera na Kawangware hakuna kilimo. Mwalimu wa huko atabadilishana nini na nani?"

Uongo, na ndio unaoumiza kuliko wote kwa sababu walimu wenyewe wameanza kuuamini.

Kibera ilikuwa shamba kabla ya kuwa mtaa wa mabati. Askari Wanubi wa jeshi la kikoloni na familia zao waliishi pale, wakalima na kufuga katika eneo lililotangazwa kuwa ardhi ya jeshi mwaka 1918, ekari zaidi ya 4,000. Vizazi vilipita Wanubi wakiililia hati ya ardhi hiyo, na mwaka 2017 walipoipata ilikuwa ya ekari 288 tu. Kilichobanwa ni ardhi. Ujuzi wa kulima haukwenda popote.

Katikati ya miaka ya 1980 Taasisi ya Mazingira, iliyo hapa Nairobi, ilifanya utafiti katika miji sita ya Kenya na kukuta kwamba asilimia 29 ya kaya za mjini zilikuwa zikilima chakula ndani ya mji zinamoishi. Wakati huo askari wa baraza la jiji walikuwa bado wakifyeka mahindi ya watu kando ya barabara.

Kisha ukaja mwaka 2008. Ghasia za baada ya uchaguzi zilifunga njia za chakula, na bei zikapanda siku ambazo watu hawakuwa wakienda kazini. Shirika la Kifaransa la Solidarités likaanza kusambaza miche na kufundisha bustani za magunia katika Kibera na mitaa mingine ya mabanda. Wako waliofundishwa na shirika, na wako waliojifunza kwa kuchungulia tu mlango wa jirani. Mtindo ukaenea.

Tazama gunia lenyewe linavyotengenezwa. Gunia la kilo 90 linasimamishwa, na udongo uliochanganywa na samadi unamwagwa chini. Katikati unawekwa mkebe uliotolewa kitako, ule wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili, na unajazwa kokoto. Udongo unazungushiwa mkebe hadi ufike ukingoni, kisha mkebe unavutwa juu na kokoto zinabaki. Mkebe unajazwa tena, udongo unaongezwa tena, hadi gunia lijae. Mwishowe kunakuwa na nguzo ya mawe iliyopita katikati kutoka juu hadi chini. Maji yakimwagwa juu hushuka na nguzo ile na kufikia kila mche, badala ya kutuama juu na kuiacha miche ya chini ikinyauka. Ubavuni vinatobolewa vitundu vilivyopishana, sukuma wiki au spinachi inachomekwa, na juu panabaki nafasi ya dhania na vitunguu.

Mwalimu anayeweza kumweleza mtoto wa Gredi ya 7 kwa nini gunia lisilo na nguzo hukauka chini, amefundisha jinsi maji yanavyopita udongoni, jinsi mizizi inavyopumua na jinsi ya kubana matumizi ya mtungi wa lita 20 ulionunuliwa. Mwenzake wa Iowa au Hokkaido mwenye mashamba yasiyo na mwisho hajawahi kulazimika kufikiri hivyo. Watafiti walilijua hilo mapema. Courtney Gallaher, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Michigan State, alishirikiana na Mary Njenga na Nancy Karanja wa Nairobi kuwasikiliza wakulima wa magunia wa Kibera. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba magunia yalisaidia chakula cha nyumbani na pia yaliwaunganisha majirani, kwa kupeana miche, maji na mboga. Msomi alisafiri kutoka Marekani kuja kujifunza Kibera, wala hakuna aliyeshangaa.

Na mgeni akija, aambiwe ukweli wa mtaa. Bado kuna wanaorudia kwamba Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu kama 170,000. Mwalimu wa kigeni anayeondoka na hesabu ya uongo atakwenda kuifundisha kwao.

"Kubadilishana walimu wa kilimo ni mambo mapya ya wafadhili."

Si kweli. Kilimo cha sekondari nchini Kenya kilizaliwa hivyo. Shule ya Chavakali, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Vihiga, ilianza kufundisha kilimo kama somo la sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Marekani na walimu waliohusiana na Chuo cha Earlham cha Waquaker wa Indiana. Wakati huo wengi waliamini kwamba jembe ni adhabu ya mwanafunzi mtundu. Chavakali ilionyesha kwamba jembe laweza kuwa somo lenye mtihani na heshima yake.

Vyama vya 4-K, ambavyo wazee wengi wanavikumbuka kwa kauli ya Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza mwaka 1962 kwa kufuata mfano wa vyama vya 4-H vya vijana wa mashambani Marekani. Vilififia, kisha serikali ikavifufua Juni 2021. Kwa hiyo mwalimu wa Kawangware anayesimamia chama cha 4-K leo anaendeleza matunda ya mabadilishano ya zaidi ya miaka 60 iliyopita, hata kama hajawahi kushika pasipoti.

"Ujuzi hutoka nje, sisi ni wa kupokea."

Uongo, na ushahidi ni mwingi.

Mwaka 2006 Wizara ya Kilimo na shirika la Japani la JICA walianzisha mradi wa SHEP kwa wakulima wadogo wa mboga na matunda katika wilaya za Bungoma, Trans Nzoia, Kisii na Nyandarua. Wazo lake lilikuwa kugeuza mwenendo wa kawaida. Mkulima alikuwa akipanda kwanza kisha akitafuta mnunuzi. SHEP ilimpeleka sokoni kwanza, na daftari mkononi, aulize mwenyewe kinachotakiwa, mwezi gani na kwa bei gani, ndipo arudi kupanda. Mume na mke walihesabiwa kuwa washirika wa biashara moja. Mapato ya wakulima wale yaliongezeka karibu maradufu. Baadaye Japani iliuchukua mtindo huo uliokomaa kwenye udongo wa Kenya na kuueneza katika nchi nyingi za Afrika, na maafisa wa ugani wa nchi nyingine wakawa wanaletwa Kenya kujifunza.

Chukua pia mboga za kienyeji. Managu, saga, terere, kunde na mrenda zilikuwa zimedharauliwa kama mboga za maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta alitumia miaka mingi kuonyesha thamani yake kwa lishe na namna ya kuzalisha mbegu bora, na mwaka 2014 akatunukiwa Nishani ya Edinburgh. Leo tembea soko la Kawangware jioni uone mafungu ya managu yanavyoondoka. Mwalimu wa Kenya akienda ng'ambo na mbegu hizo kichwani, ana somo la wiki nzima.

"Mbinu za Wazungu ni za mashamba makubwa. Hazitufai."

Nusu kweli. Trekta la safu kumi na sita halina kazi Gatwekera, Kibera, na programu inayompeleka mwalimu wa mtaa wa mabanda kukodolea macho mashine za kuvunia mahindi kwa wiki sita imempotezea muda. Mwalimu ana haki ya kuuliza kabla ya kukubali: nitakaa na nani, nitafundishwa nini, na katika shamba la ukubwa gani?

Lakini si kila cha nje ni kikubwa. Kituo cha Manor House karibu na Kitale, kilichoanza mwaka 1984, kimefundisha wakulima na walimu wa Afrika Mashariki kilimo hai cha eneo dogo. Mbinu hiyo iliendelezwa na John Jeavons huko Willits, California, na mizizi yake inarudi hadi kwa wakulima wa mboga wa Paris ya karne ya 19, waliokuwa na vipande vidogo vya ardhi na samadi tele ya farasi wa mjini. Udongo unachimbwa kina maradufu, unalishwa mboji, na miche inapandwa kwa kubanana ili majani yake yafunike ardhi na kuzuia jua lisinyonye unyevu.

Sasa jaribu kuchimba kina maradufu Kibera. Jembe litakutana na plastiki, matambara na mwamba. Kwa maoni yangu gunia ndilo jibu la mtaa kwa swali lilelile: udongo wenye kina, uliolegea, wenye mboji, na mimea iliyobanana, ila umesimamishwa wima badala ya kulazwa. Hivyo ndivyo ujuzi wa nje unavyopaswa kuingia. Mwalimu achukue sababu, umbo alitengeneze mwenyewe.

"Mboga za magunia ni sumu. Usiwafundishe watoto."

Nusu kweli tena, na hapa ndipo mwalimu aliyefunzwa vizuri anahitajika zaidi.

Hatari ipo. Udongo uliochotwa jaani waweza kuwa na risasi na kadimiamu kutoka kwa betri, rangi kuukuu na vyuma. Mboga za majani hunyonya baadhi ya metali hizo. Kuosha kunaondoa vumbi na vijidudu, hakuondoi kilichokwisha kuingia ndani ya jani. Na maji ya mto unaobeba kinyesi hayafai kumwagilia mboga hata kidogo, hata kama ni ya bure na mtungi wa maji safi unauzwa.

Lakini hatari inayojulikana inaweza kuepukwa. Vijana wa kikundi cha Youth Reform cha Kibera walipoligeuza jaa la taka kando ya reli kuwa shamba baada ya mwaka 2008, hawakukimbilia kuuza. Udongo ulipimwa, ukakutwa na zinki nyingi, wakapanda alizeti ili zisaidie kuinyonya. Hilo ni somo la sayansi ambalo mwalimu yeyote wa Ulaya angelipenda kwa darasa lake. Kwa shule zetu kanuni ni chache. Udongo utoke mahali panapojulikana, usitoke jaani. Mboji iwe nyingi, kwa kuwa huzishikilia metali na kupunguza zinazofika mizizini. Gunia liwekwe mbali na mtaro na mahali pa kuchomea taka. Na maabara za udongo za KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, zipo Kabete, si mbali na Kawangware, zinapima kwa malipo. Shule kadhaa zaweza kuchangia gharama ya sampuli moja ikiwa zinachota udongo mahali pamoja.

"Mwalimu akienda Marekani harudi."

Wapo wasiorudi, hilo halifichiki. Ila kauli hii inasahau sheria. Anayekwenda kwa viza ya Marekani ya mabadilishano, J-1, kwa gharama ya serikali hutakiwa kurudi na kukaa nchini kwake miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu kule. Mipango ya walimu chini ya jina la Fulbright, iliyoanza mwaka 1946, ilijengwa juu ya wazo kwamba mtu atarudi.

Anayetaka mfano wa aliyerudi amtazame Wawira Njiru. Hakwenda kwa mpango wa walimu. Alikwenda kusomea lishe Adelaide, Australia. Akiwa mwanafunzi mwaka 2012 aliandaa chakula cha jioni kuchangisha pesa, akaanza kulisha watoto wa shule moja Ruiru. Shirika lake, Food for Education, ndilo lililoshirikiana na Kaunti ya Nairobi katika mpango wa chakula cha shule wa Dishi na County kuanzia mwaka 2023, ambapo mtoto wa shule ya umma hulipa shilingi 5 kwa mlo.

"Lazima utoe kitu kidogo ili jina lipite."

Uongo mtupu. Fulbright haiuzi fomu. Anayekuomba pesa kwa simu ili akuweke kwenye orodha ni mwizi, hata akiwa na nembo ya ubalozi kwenye picha ya WhatsApp. Iko njia nyingine halali, ya mwalimu kuajiriwa na shule ya Marekani kwa miaka mitatu kwa viza hiyohiyo ya J-1, na huko ada halisi zipo. Hata hivyo mdhamini lazima awe kwenye orodha ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ambayo yeyote anaweza kuisoma. Na mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC) asiondoke bila ruhusa ya maandishi, maana utoro kazini unaweza kumfanya afutwe kazi.

"Kazi za mashamba Israeli ni mpango wa kubadilishana."

Si kweli. Mwishoni mwa mwaka 2023 serikali ilitangaza nafasi 1,500 za kazi za shambani Israeli. Hizo ni ajira za vibarua, zenye mkataba na hatari zake. Anayezitaka azitafute kama ajira. Mafunzo ya ualimu ni jambo lingine.

"Milango ya Marekani iko wazi kama zamani."

Si kweli. Mpango wa Farmer-to-Farmer, ulioanza mwaka 1985 na kuwaleta wataalamu wa kujitolea kwa wiki chache katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo, ulilipiwa na shirika la misaada la Marekani, USAID. Shirika hilo lilikoma kuendesha misaada ya nje tarehe 1 Julai 2025. Mwalimu anayetegemea mlango mmoja atasubiri sana.

"Bila ndege hakuna kubadilishana."

Uongo, na laiti ungekufa leo. Mwalimu wa Kawangware akishika barabara ya Naivasha kuelekea Uthiru, anafika ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye wanasayansi kutoka pembe zote za dunia. Kampasi ya kilimo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete. Mwalimu wa Kibera yuko jirani na Karen, iliko CEMASTEA, kituo kilichotokana na mradi wa hisabati na sayansi wa Kenya na Japani na ambacho kimefundisha walimu wa nchi nyingi za Afrika. Barua yenye mhuri wa mwalimu mkuu na ombi mahususi hufungua milango zaidi ya tunavyodhani.

Kisha kuna Kampala. Jiji hilo lilipitisha sheria ndogo za kilimo cha mjini mwaka 2006, miaka tisa kabla ya Nairobi kupata sheria yake ya 2015, na lina kituo chake cha mafunzo Kyanja. Tangu mwaka 2014 Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho tu. Walimu watano wakichanga nauli ya basi, hayo ni mabadilishano ya kimataifa kamili.

"Walimu wa shule za mtaani hawaruhusiwi."

Hii ina ukweli unaouma. Watoto wengi wa Kibera na Kawangware husoma katika shule zisizo za serikali, ambako walimu wengi hawako TSC na baadhi hawana cheti kamili. Programu nyingi hudai usajili, shahada na miaka kadhaa ya kazi. Mwalimu aliyepanda magunia na watoto miaka yote anaachwa, na anayechaguliwa ni wa shule yenye shamba na trekta. Waandaaji wanaodai kujali usalama wa chakula mijini wanapaswa kulirekebisha hili, na TSC iwasaidie walimu hao kusajiliwa. Mwenye cheti cha ualimu asikawie kuomba namba ya TSC hata kama hajaajiriwa. Bila namba hiyo fomu haifiki mbali.

"Walimu wakifunzwa, njaa itaisha."

Si kweli, na anayeahidi hivyo anawatwika walimu mzigo usio wao. Mama wa Silanga, Kibera, anajua kupanda sukuma. Kinachomkwaza ni maji ya kununua, mshahara usiofika mwisho wa mwezi, na ardhi inayoweza kuondoka asubuhi moja. Julai 2018 matingatinga yalipasua Kibera kupisha barabara, nyumba na shule zikaanguka, na kila kilichopandwa pale kikaenda nazo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Haki hiyo inadaiwa kwa serikali, haidaiwi kwa mwalimu wa Gredi ya 7. Mafunzo yana kazi yake: mtoto ale mboga mara nyingi zaidi, ajue udongo salama ni upi, na akue akijua kudai maji na nafasi.

Kwa hiyo mwalimu wa Gatina, Makina au Lindi, fomu halali ikikufikia, ijaze. Usiandike kwamba unatoka mahali pasipo na kilimo. Andika gunia lako, nguzo yake ya mawe na mtungi wako wa lita 20. Na hata kabla fomu haijaja, anza daftari leo na wanafunzi wako: tarehe ya kupanda, lita za maji, mafungu mliyochuma, bei ya sukuma sokoni siku hiyo. Watakuuliza umefanya nini darasani, na jibu liwe limeandikwa tayari.